Riziki ya Jani Chungu: Mkaratusi na Walaji Wake katika Nyanda za Juu Kusini

Dini kubwa zinazofuatwa na watu wa Mbeya na Iringa zinakubaliana kwamba hakuna kiumbe kilicholetwa duniani pasipo kuandaliwa chakula chake. Mwislamu huisoma ahadi hiyo katika Sura ya Hud, aya ya sita, ambako riziki ya kila kiendacho juu ya ardhi inawekwa mikononi mwa Mwenyezi Mungu mwenyewe. Mkristo huikuta katika Zaburi ya 104, ambamo wanyama wa porini, simba akiwamo, wanamngoja Muumba awalishe kwa wakati wake. Wanateolojia huyaita mambo haya maongozi ya Mungu, yaani fundisho kwamba Mungu hakuiumba dunia na kuiacha ijiendee, bali anaitunza na kuilisha siku zote. Fundisho hilo halina ugumu panapozungumzwa ng'ombe na nyasi. Ugumu huanza anapotajwa mlaji wa kitu ambacho kwa karibu viumbe wengine wote ni sumu, na katika Nyanda za Juu Kusini kitu hicho hakihitaji kutafutwa mbali, kwa kuwa kimepandwa kwa maelfu ya hekta.

Kitu hicho ni jani la mkaratusi, mti ambao wakulima wengi wa Iringa na Njombe huuita mlingoti, nao umezoeleka kiasi kwamba kijana aliyekulia huko hupata shida kuamini kwamba babu wa babu yake hakuujua. Katika jiji la Mbeya, anayepita Mwanjelwa, eneo la soko kubwa kando ya barabara kuu iendayo Tunduma na Zambia, huukuta mti huo katika sura zake karibu zote: mirunda inayobeba zege la ghorofa lisilokauka, nguzo zilizotiwa dawa zinazoshika nyaya za umeme, kuni chini ya sufuria ya mama lishe. Jani lenyewe halina thamani hiyo, ila wakati wa mafua watu hulitafuta kwa ajili ya kujifukiza, kama walivyofanya hasa wakati wa korona mwaka 2020. Majani huchemshwa, mgonjwa huinamia mvuke akiwa amefunikwa blanketi, na harufu kali inayomfungua pua hutokana na sineoli, mafuta mepesi yanayoruka hewani haraka, ambayo mti huyatunza katika vitundu vidogo ndani ya jani. Mgonjwa huyohuyo akishauriwa ayale majani aliyoyachemsha atakataa, na atakuwa sahihi, kwa sababu mafuta hayo yakimezwa kwa wingi humdhuru mtu. Ng'ombe na mbuzi, ambao hawakusoma kemia, kwa kawaida huyapita vilevile.

Australia, ambako ndiko asili ya karibu mikaratusi yote, ambayo jamii zake zinazidi 700, wapo wanyama waliolifanya jani hilo kuwa mlo wao. Anayejulikana zaidi ni koala, mamalia mwenye mfuko, yaani wa lile kundi ambalo mama huzaa mtoto akiwa bado hajakomaa kabisa na kumlea ndani ya mfuko wa ngozi tumboni. Koala hula nusu kilo hadi kilo moja ya majani kwa siku, na nje ya hayo hali kitu kingine ila kwa nadra. Mlo huo ni duni: una nyuzi nyingi, protini kidogo, tanini zinazoikamata hata hiyo protini kidogo isimfae mlaji, na juu ya hayo sumu kadhaa za jamii ya fenoli. Ili aweze kuishi nao, mwili wake wote umeelekezwa huko, kuanzia puani. Hunusa jani kabla ya kulitafuna, kwa kuwa hata miti miwili ya jamii moja iliyosimama jirani hutofautiana kwa kiasi cha sumu, naye huuacha mmoja akaupanda mwingine. Ini lake lina wingi wa vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemia mwilini, na kazi ya vimeng'enya hivyo ni kuzivunja sumu. Uchunguzi wa jenomu yake, yaani jumla ya maelekezo ya urithi yaliyomo ndani ya seli, uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba jeni zinazohusika na kazi hiyo zimeongezeka kwake kuliko kwa mamalia wengi. Utumbo wake kipofu, ambao ni mfuko unaochomoza pale utumbo mwembamba unapokutana na mpana, una urefu wa takriban mita mbili, na humo bakteria huzichachua nyuzi polepole. Kwa kuwa nguvu inayopatikana ni haba, mnyama huyo hupumzika saa 18 hadi 20 kwa siku, na wanaomwita mvivu wanampima kwa shibe yao wenyewe.

Jambo lenye uzito zaidi kwa swali la riziki hutokea mtoto akiwa na umri wa miezi sita hivi. Hadi hapo amenyonya tu, na tumbo lake halina bakteria wa kulikabili jani. Kwa kipindi kifupi mama hutoa kinyesi laini, tofauti na cha kawaida, kilichojaa bakteria hao, na mtoto hukilamba akiwa amechomoza kichwa kutoka mfukoni. Hivyo ndivyo anavyorithi uwezo wa kula. Haiwezi kusemwa kwamba alizaliwa na chakula chake tayari kikimngoja juu ya mti, kwa sababu jani lile, ambalo mama yake analila mbele ya macho yake, kwake yeye bado si chakula mpaka apewe kitu kisicho jani. Posamu mkia-pete, mnyama mwingine mwenye mfuko aliye mdogo kuliko koala, hutatua shida hiyohiyo kwa kula kinyesi chake mwenyewe cha awali ili majani yapite tumboni mara mbili, na yupo pia posamu mkubwa arukaye kwa kutandaza ngozi kati ya miguu yake, ambaye anategemea jani la mkaratusi karibu sawa na koala.

Falsafa ya kale ilikuwa na jibu jepesi kwa mambo ya namna hii. Aristotle, katika kitabu chake cha Siasa, aliona kwamba mimea ipo kwa ajili ya wanyama na wanyama kwa ajili ya binadamu, na jibu hilo liliingia baadaye katika mahubiri mengi bila kutajwa lilikotoka. Mkaratusi unalikataa. Mti unaojaza jani lake sumu hauonekani kuwa ulikusudiwa uliwe, na mlaji anayehitaji ini la pekee, utumbo wa mita mbili na urithi wa bakteria hafanani na mgeni aliyealikwa mezani. Wanabiolojia husema kwamba mti na mlaji wameshindana kwa mamilioni ya miaka, mmoja akiongeza sumu na mwingine akiongeza njia za kuivunja, na kwamba kilichobaki leo ni mapatano yaliyotokana na mashindano hayo.

Charles Darwin alipofika New South Wales mwezi wa Januari 1836 alizitafakari tofauti kati ya wanyama wa huko na wa sehemu nyingine za dunia, akaandika kwamba mtu asiyeamini chochote nje ya akili yake angeweza kudai kuwa waumbaji wawili walikuwa kazini. Muda si mrefu akaona mtego wa mdudu mla sisimizi, shimo la mchanga lenye umbo la faneli, lililofanana mno na mitego ya wadudu wa jamii hiyo aliowajua Ulaya, naye akaona ni vigumu kusema kwamba mikono miwili isiyojuana ingebuni hila ileile. Fikira hiyo ya kijana aliyekuwa bado hajafikia nadharia yake iliyomtia umaarufu inastahili kuzingatiwa hata na wasiompenda, kwa sababu inaonyesha kosa la kuihukumu kazi ya Muumba kwa kiumbe kimoja kilichotazamwa peke yake.

Na hapo ndipo penye hoja ya makala haya. Riziki haikai ndani ya jani, wala haikai ndani ya mlaji. Inakaa katika ujirani wa muda mrefu uliowaunganisha mti, mnyama, bakteria wa tumboni, udongo na mvua za mahali fulani, na ujirani huo ukivunjwa, jani hilohilo na mnyama yuleyule huweza kuuana. Kisiwa cha Kangaroo, kusini mwa Australia, hakikuwa na koala hadi miaka ya 1920, walipopelekwa koala 18 kwa nia njema ya kuwahifadhi. Wakaongezeka wakawa maelfu, wakaila mikaratusi ya kisiwa hadi mingine ikafa, na mwishoni mwa miaka ya 1990 serikali ikalazimika kuanza kuwafunga uzazi. Waliohamishwa walikuwa wanyama wa Australia na waliyowekwa juu yake ilikuwa miti ya Australia, lakini ujirani haukuhamishwa pamoja nao.

Afrika Mashariki ilifanya kinyume chake: iliuleta mti na kuwaacha walaji. Katika koloni la Wajerumani, taasisi ya utafiti iliyoanzishwa Amani, Usambara, mwaka 1902 ilijaribu miti mingi ya kigeni, na katika mwaka huohuo Kenya ilianza kupanda mikaratusi ili kupata kuni za injini za reli. Katika Nyanda za Juu Kusini mti huu ulipata makao Mufindi, ambako viwanda vya chai huuchoma ili kukausha majani ya chai, na katika Shamba la Miti Sao Hill, kubwa kuliko mashamba yote ya miti ya serikali nchini, ingawa huko misindano ndiyo mingi zaidi; kisha wakulima wadogo wakaufuata kwa sababu za wazi kabisa za kipato. Ulikua kwa kasi ya kushangaza. Wanaikolojia, yaani wanaochunguza mahusiano ya viumbe na mazingira yao, wanaeleza kwamba mmea uliovuka bahari bila adui zake huweza kustawi kuliko kwao, kwa kuwa hakuna anayeutafuna. Msitu wa mikaratusi wa Mufindi ulikuwa, kwa miongo mingi, meza iliyoandaliwa ambayo aliyealikwa hakuwapo.

Walaji wakafika baadaye bila kuitwa, na hawakuwa koala. Fukusi wa mkaratusi, mdudu mwenye mdomo uliochongoka ambaye yeye na funza wake hukwangua majani, alionekana Afrika Kusini mwaka 1916 na akafika Kenya katika miaka ya 1940. Wa pili, ambaye ndiye aliyewasumbua zaidi wenye vitalu vya miche katika miaka ya karibuni, ni nyigu anayeitwa kitaalamu Leptocybe invasa. Alionekana Mashariki ya Kati mwaka 2000, Kenya na Uganda mwaka 2002, akapewa jina la kitaalamu mwaka 2004 alipokuwa tayari amekwisha kuenea nchi kadhaa, na mwaka 2005 akagunduliwa Tanzania. Urefu wake ni milimita moja na kidogo. Jike, ambaye mara nyingi huzaa bila dume, hutoboa mshipa wa kati wa jani changa au kikonyo chake na kutia yai humo. Jani hujibu kwa kuvimba, na kivimbe hicho, kijani kwanza kisha chenye wekundu, huwa nyumba na ghala la funza kwa miezi kadhaa, mpaka nyigu mpya atoboe tundu la duara na kuruka. Mche uliojaa vivimbe hujikunja ncha, hudumaa, na mkulima aliyeununua kwa matumaini ya nguzo za umeme huambulia kichaka.

Kwa mkulima huyo nyigu ni mdudu mharibifu, na hakuna mwenye busara atakayemlaumu kwa kusema hivyo. Lakini mwanateolojia anapolichukua neno la mkulima na kulipeleka kwenye fundisho la uumbaji anakosea, na kosa hilo lilishaonyeshwa zamani na Mwafrika, Augustino wa Hippo, mji uliokuwa katika Algeria ya leo. Katika kitabu cha kumi na mbili cha Mji wa Mungu alieleza kwamba viumbe havimtukuzi Muumba wao kwa kadiri vinavyotufaa au kutuudhi, bali kwa asili yavyo vyenyewe. Al-Jahiz wa Basra, aliyefariki karibu na mwaka 869, alifika karibu na hapo katika Kitabu cha Wanyama, ambacho kwa ukubwa wake wote hakioni aibu kusimama kwa muda mrefu mbele ya mbu na nzi. Kwa kipimo cha waandishi hao wawili, nyigu anayekuta mkaratusi Mufindi hajaharibu kitu. Amepata riziki yake pale binadamu alipoiweka. Ikiwa ahadi ya Sura ya Hud na Zaburi ya 104 ina maana yoyote, basi inamhusu na yeye, tena yeye zaidi ya koala, ambaye watoto wa Tanzania humpenda vitabuni kwa sababu ya manyoya yake.

Dawa iliyotumika dhidi ya walaji hawa inaunga mkono hoja hiyo kwa namna ambayo watu wa dini wangefaa kuijua vizuri zaidi. Sumu ya kunyunyizia haimfikii kwa urahisi funza aliyejificha ndani ya jani, wala haiwezekani kwa gharama ya kawaida kunyunyizia msitu wa miti mirefu. Mwaka 1926 Afrika Kusini ilileta kutoka Australia nyigu mdogo mno anayetaga ndani ya mayai ya fukusi, na fukusi akapungua kwa kiasi kikubwa. Njia hiyohiyo imefuatwa baadaye dhidi ya nyigu wa vivimbe. Maana yake ni kwamba waliouchukua mti peke yake walilazimika, hatua kwa hatua, kuwaleta majirani zake, kwanza mlaji kwa bahati mbaya, kisha mla mlaji kwa makusudi. Ujirani uliovunjwa na meli ulikuwa unaungwa tena na maabara.

Wenyeji wa Afrika nao hawakukaa wakitazama. Nyuki wa nyanda hizi hukusanya nekta ya maua ya mkaratusi kana kwamba uliota hapo tangu zamani. Sokwe wa milimani wa Virunga wameonekana wakitoka nje ya hifadhi ili kubandua magome ya mikaratusi ya wanakijiji, na watafiti wanaeleza kwamba wanachokifuata ni sodiamu, madini yaliyomo katika chumvi, ambayo ni adimu katika mimea ya msituni. Mbega wa Kibale, Uganda, wameelezwa kuufuata mkaratusi kwa sababu kama hiyo. Wenyeji hawa wanachukua ua, gome na chumvi. Jani lililokomaa karibu wote wanaliacha, na huenda likabaki hivyo kwa muda ambao akili ya mtu haiwezi kuuhesabu, kwa kuwa ini la koala halikutengenezwa kwa karne moja.

Swali la riziki kwa hiyo linamrudia mpandaji, na katika Mbeya na Iringa lina uso unaojulikana. Kipunji, nyani mwenye mkia mrefu na kishungi kichwani, alitambuliwa na wanasayansi mwaka 2003 katika misitu ya Mlima Rungwe, kisha mwaka uliofuata katika msitu wa Ndundulu, Udzungwa, upande wa Iringa; alitangazwa mwaka 2005, na mwaka 2006 akawekwa katika jenasi yake mwenyewe, yaani kundi lisilo na mwingine ndani yake, jambo ambalo halikuwa limetokea kwa nyani wa Afrika kwa zaidi ya miaka 80. Wawindaji wa Kinyakyusa walimjua kabla ya wanasayansi. Chakula chake ni matunda, majani, maua na magome ya miti ya asili ya aina nyingi, na makao yake ni vipande vya msitu vinavyozungukwa na mashamba. Mkaratusi unaweza kumsaidia, kwa kuwa kijiji chenye kuni na nguzo zake chenyewe hakihitaji kuingia Rungwe na shoka, na wanaoulaani mti huo bila kulisema jambo hili hawatendi haki. Unaweza pia kumwangamiza, pale unapopandwa mahali pa msitu wenyewe na juu ya chemchemi zake, kwa maana shamba la mikaratusi halina chochote cha kumlisha.

Mila za nyanda hizi zilikuwa na jibu lisilotegemea vitabu. Vichaka vya matambiko vya Wanyakyusa, kama kile cha Lubaga kinachohusishwa na Lwembe, havikukatwa, na kilichoheshimiwa hapo kilikuwa kichaka kizima, pamoja na vilivyomo ndani yake, si mti mmoja mrefu uliochaguliwa kwa kunyooka kwake. Uislamu unamwita binadamu khalifa katika ardhi, Ukristo unamwita wakili wa mali isiyo yake, na majina yote mawili yana maana ya mtu atakayetoa hesabu. Kama riziki ni ujirani, hesabu hiyo haihusu idadi ya miche iliyopandwa peke yake. Inahusu pia nani alikuwa anakula mahali pale kabla ya shimo la mche kuchimbwa, na anakula wapi sasa.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka mita 60 kutoka kingo za mito na maziwa kuwa eneo lisiloruhusiwa shughuli za kudumu au zinazoweza kuyadhuru, na eneo hilo ndilo ambalo mashehe, wachungaji na mapadre wa Mbeya na Iringa, wanaohimiza waumini wao kupanda miti kila mvua zinapoanza, wangeweza kuanza nalo. Shambani, mkulima na apande mlingoti wake, na apambane na nyigu kadiri awezavyo. Kwenye chemchemi na ukingoni mwa mto, viongozi hao wawaagize waumini wao wapande mikuyu, ambayo matunda yake huliwa na ndege, popo na nyani.